Wale Walioondoka Kabla ya Kuitwa

Siku Wubbo alipotimiza miaka arobaini na sita, viti vilipangwa duara sebuleni, na kila aliyeingia alilizunguka duara zima akitoa mkono: hongera kwa kuzaliwa mumeo, hongera kwa kuzaliwa mkweo, hongera kwa kuzaliwa jirani yako. Pale Aalsmeer, mji wa Uholanzi unaoishi kwa maua, mmoja akizaliwa wanapongezwa wote, hata yule aliyepita kurudisha ngazi. Kisha ikaja kahawa, kisha kipande cha keki, kimoja kwa kila kinywa, na sinia likarudishwa jikoni upesi lisije likazoea watu.

Marloes, mke wa Wubbo, alikalia kiti kibaya kuliko vyote, kati ya baba yake, mzee Cor, na shangazi Riek. Alikuwa akimwomba Mungu mazungumzo yasitoke kwenye hali ya hewa. Mungu alimsikia kwa muda: mvua, upepo, mvua yenye upepo. Halafu shangazi Riek akafuta midomo, akapandisha sauti ili duara zima lifaidi.

"Marloes, eti kampuni yenu imenunuliwa, na ofisi yenu inafungwa? Mtoto wa Toos kaniambia. Si unajua anasukuma vitoroli kule kwenye mnada wa maua? Yule haachi kitu kipite."

Vijiko vikatulia. Duara lina ubaya huo mmoja: halina pembe ya mtu kujibanza.

"Shangazi, nikuongezee kahawa?" Wubbo akadakia.

"Nimeuliza swali, mwanangu. Sijaomba kahawa."

"Ni kweli, shangazi," Marloes akasema. "Mwisho wa mwezi wa tisa."

Kwa wiki tatu habari hiyo ilikuwa ya mume na mke peke yao. Waliibeba kama watu wawili waliobeba kabati ngazini: hakuna wa kuachia, hakuna wa kusema mkono unauma. Hata binti yao Fenna alikuwa hajaambiwa. Sasa alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la karanga, macho kodo.

Si kwamba nyumba ile ingelala njaa. Lakini Wubbo alifundisha watoto kuogelea siku tatu kwa wiki, na mshahara wa mwalimu wa kuogelea, yeye mwenyewe husema, unatosha kununua taulo. Mkopo wa nyumba ulimwegemea Marloes, na Marloes aliyaegemea maua. Miaka kumi na minne alikuwa mchambuzi wa data katika biashara hiyo. Alikaa na tarakimu za mnada, akatazama baridi ya Ujerumani na sikukuu za Ufaransa, kisha akawaambia wanunuzi kama wiki ijayo waridi jekundu litapanda au litadoda. Mara nyingi alipatia. Baba yake alilima waridi, babu yake alilima lilaki, na pale mjini husemwa kwamba mtu wa ukoo wao, ukoo wa Eveleens, akijikata, kinachotoka ni utomvu.

"Sasa hilo ndilo la kukunyima keki?" mzee Cor akacheka. "Kesho nampigia Nico wa Naaldwijk, yule mfanyabiashara wa maua. Waridi halikosi mtu wa kulihesabia."

"Asante, baba. Ila kuna mahali pengine pia nimeomba."

"Kwa nani? Wale wa tulipu?"

"Hospitali. Ile mpya ya ng'ambo ya barabara kuu."

Shangazi Riek akashika kifua. "Wewe? Wewe uliyezimia mtoto alipong'oka jino?"

"Siendi kutibu, shangazi. Ni kazi ileile, data. Wanataka mtu wa kuwasomea takwimu za kitengo cha dharura."

"Ahaa, kuhesabu wagonjwa." Mzee Cor akageukia wageni. "Hebu tuambie, shada moja mnafunga wagonjwa wangapi? Kumi au ishirini?"

Duara likapasuka kwa kicheko. Marloes naye akacheka, maana usipocheka kwenye duara unaonekana. Aliyeonekana hacheki ni Wubbo, na hilo likamchoma zaidi. Alimjua mumewe. Hakuwa akimwonea huruma. Alikuwa na swali lilelile la mzee.

*

Swali lilitoka jikoni, wageni walipokwisha kwenda. Wubbo anaosha, Marloes anafuta.

"Nico akisema ndiyo, utakataa?"

"Sijui."

"Marloes, kule Naaldwijk ni mkataba wa kudumu. Mshahara uleule. Utakaa kwenye foleni ya magari asubuhi, sawa, nani hakai? Hospitali wanakupa nini? Miezi sita, na pesa ya kijana aliyemaliza chuo jana. Kwenye maua wewe ni malkia. Kule utakuwa mwanafunzi, na mvi zako hizo."

"Mvi zipi?"

"Nimesema mvi? Nimesema mbili tu."

Marloes akampiga na kitambaa cha vyombo. Wakacheka kidogo, kisha wakaacha.

"Hii ni kampuni ya tatu ninayoizika," Marloes akasema. "Kila mwaka kubwa inameza ndogo, na kila ikimeza wanauliza: mna wachambuzi wangapi? Wawili? Mmoja anatosha. Nico naye atamezwa. Nikiwa na miaka hamsini nitakuwa mtu anayejua waridi tu, na hakuna anayeniuliza kuhusu waridi."

"Na ukienda hospitali, miaka yote hii unaitupa?"

Marloes akaifuta sahani moja ambayo ilikuwa imekauka zamani.

"Hilo ndilo linaloninyima raha, Wubbo. Sijui kama ninaijua kazi, au ninayajua maua tu."

 Wubbo alimwaga maji, akasimama akiyatazama yanavyozunguka kwenye sinki, kama mtu anayetazama mwanafunzi asiyejua bado kuelea.

*

Usaili ulikuwa Jumanne. Mkuu wa mipango wa kitengo cha dharura aliitwa Mavis Kartosen, mama wa makamo aliyekulia Paramaribo, kule Suriname, muuguzi wa zamani, miwani yake ikining'inia kifuani kwa uzi wa shanga. Pembeni yake alikaa kijana mmoja wa idara ya fedha, nywele zimelazwa kwa mafuta, kazi yake siku hiyo ikiwa kuitikia kwa kichwa.

Walimpa kompyuta katika chumba kisicho na dirisha. Ndani yake kulikuwa na jedwali la watu wote waliofika dharura mwaka mzima: majina yamefichwa, saa ya kufika ipo, saa ya kuonana na daktari ipo, na mwisho wa safari yao, kama walilazwa au walirudi nyumbani. Swali lilikuwa fupi. Watu wanasubiri kiasi gani, na nini kifanyike?

Marloes alihisi mikono yake ikipata joto. Kumbe ni tarakimu tu! Zinapanda, zinashuka, zina Jumatatu zao na Ijumaa zao. Kulikuwa na wimbi la Jumapili jioni, la wanasoka wenye vifundo vilivyoteguka, aliloliona mara moja kama anavyoliona wimbi la Siku ya Mama. Alisafisha jedwali, akachora mistari, na muda ulipokwisha akawa na picha nadhifu kiasi kwamba alitamani baba yake aione. Wastani wa kusubiri ulikuwa mzuri kuliko alivyotarajia. Akaeleza. Kijana wa fedha akaitikia kwa kichwa, kwa furaha.

Mavis alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Watu wako hawatoshi, Bi Eveleens."

"Samahani?"

"Niliokupa walikuwa wengi zaidi. Wengine wako wapi?"

"Aa, hao." Marloes akatabasamu, maana swali hilo alilijua. "Nilisafisha kidogo. Kulikuwa na mistari isiyo na mwisho. Mtu kafika, lakini hakuna daktari, hakuna matibabu, hakuna chochote. Nimeifuta."

"Kwa nini?"

"Ndivyo tunavyofanya kwenye mnada. Shehena isiyopata mnunuzi mpaka mnada unafungwa haina bei. Ukiiacha kwenye jedwali inavuruga wastani, kwa hiyo kitu cha kwanza asubuhi tunaiondoa."

"Na maua yenyewe? Yanakwenda wapi?"

Hapo Marloes aliona swali linakoelekea. Angeweza kuzungukazunguka. Lakini mtu wa Aalsmeer akiulizwa, anajibu.

"Kwenye mboji."

Kijana wa fedha alikohoa kikohozi chenye kicheko ndani yake. Mavis hakucheka. Na hakufoka pia. Angefoka ingekuwa nafuu.

"Mistari uliyoifuta ni watu, Bi Eveleens. Walikuja wanaumwa, wakakaa kwenye viti vyetu, wakachoka, wakaondoka kabla ya kuitwa. Wengine walirudi baada ya siku mbili wamebebwa. Wengine hatujui waliko. Nafasi hii tumeitangaza kwa ajili yao." Akaifunga kompyuta taratibu. "Nashukuru kwa kuja. Kahawa iko kwenye korido, ukipenda."

Hakupenda.

*

Njia ya kurudi ilipita kando ya ziwa, na upepo ukawa wa mbele. Marloes alikanyaga baiskeli akiwa ameinama hadi kidevu kikagusa usukani, na kila alipokanyaga lile neno lilirudi: mboji, mboji, mboji. Simu ikalia mfukoni. Akasimama, mguu mmoja kwenye nyasi.

"Marloes! Nico hapa, wa Naaldwijk." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuongea penye mashine. "Baba yako kanieleza. Mimi sina haja ya kukusaili, bibie, nakujua tangu ukiwa unapanda juu ya masanduku. Kazi ni yako. Nijibu kabla ya Ijumaa mchana, maana Jumatatu naandika mikataba."

"Asante, Nico."

"Unalia?"

"Ni upepo."

Na ulikuwa upepo, sehemu kubwa.

Jumanne ilikuwa siku ya mzee Cor kula kwao. Alfajiri ingegeuka jioni lakini saa kumi na mbili kamili mzee angekuwa mezani, leso kifuani. Wubbo alikuwa amepika viazi vya kuponda na kabeji, na soseji juu yake. Walikula kimya mpaka Fenna akachoka.

"Mama, si useme tu. Umefeli, sivyo?"

"Fenna!" Wubbo akamkemea.

"Mwache," Marloes akasema. "Nimefeli." Na akawasimulia yote, bila kuruka kitu, mpaka kwenye lile neno.

Fenna akaweka uma chini. "Umewatupa wagonjwa kwenye mboji?"

Wubbo alicheka kabla hajajizuia, kipande cha soseji kikampalia, ikabidi apigwe mgongoni. Marloes alimpiga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Ndipo wakaona kwamba mzee Cor, ambaye utani kama huo kwa kawaida angeutafuna wiki nzima, alikuwa anausugua mkono wake wa kulia, pale penye kovu la mwiba.

"Mnakumbuka huu mkono mwezi wa tatu?" akauliza.

Nani asingeukumbuka? Mwiba wa waridi uliingia, ukaoza, mkono ukavimba kama mkate. Mzee alikwenda dharura ya hospitali hiyohiyo, mwenyewe kwa gari lake, akarudi akasema wamempaka dawa wakamruhusu. Usiku wa pili homa ikampanda, akachukuliwa na gari la wagonjwa, akalazwa.

"Mara ya kwanza hawakunipaka kitu," mzee akasema. "Hawakuniita. Nilikaa, nikakaa, nikaondoka zangu."

"Baba! Ulituambia..."

"Najua nilichowaambia."

"Kwa nini uliondoka na mkono umevimba vile?"

Mzee Cor akatazama viazi vyake kama vina jibu. "Maegesho," akasema. "Saa ya pili ilikuwa inakwisha. Ikianza ya tatu wanakata yuro nne nyingine. Nikasema hawa sitawapa."



"Babu," Fenna akasema, "wewe una nyumba mbili."

"Unafikiri nilizipataje?"

Wubbo akapaliwa tena. Lakini mzee hakuwa amemaliza, na sauti yake ilishuka, ikawa sauti ambayo Marloes hakuizoea.

"Na si pesa peke yake. Kama mtu angekuja kuniambia, mzee Cor, bado saa moja, ningelipa hizo nne. Ningenung'unika, lakini ningelipa. Hakuna aliyesema kitu. Wanapita na makaratasi, wanakutazama juu ya kichwa. Ukikaa hivyo muda mrefu unaanza kujiona huumwi sana, unawasumbua tu watu wenye kazi zao. Unavaa koti." Akamtazama binti yake. "Kwa hiyo leo mchana, mwanangu, mimi nami ulinifuta."



"Lakini hayo ni yao," mzee akasema, akishika uma upya. "Wewe Ijumaa umjibu Nico ndiyo. Kule waridi likioza, halina mtoto wa kulililia."

*

Barua aliyomwandikia Mavis ilikuwa fupi, maana kila alipoirefusha ilianza kujitetea. Alisema alikosea. Alisema haombi kazi tena, anaomba nusu saa na lile jedwali likiwa zima, kwa sababu alikuwa na maswali mawili. Wubbo aliisoma juu ya bega lake.

"Huombi kazi? Sasa unaomba nini?"

"Nataka kujua."

"Kujua hakulipi mkopo."

"Wubbo, Ijumaa haijafika."

 Wubbo akairudia barua. "Hapo umeandika 'samahani' mara tatu. Toa mbili. Watadhani umeua mtu." Akatoa mbili.

Jibu la Mavis lilikuwa na maneno mawili: Njoo Alhamisi.

Safari hii hakukuwa na kijana wa fedha. Marloes alirudisha mistari yote mahali pake na kuiangalia kwa utulivu, bila kuchora kitu. Ilikuwa mingi. Alijilazimisha kusoma mmoja mmoja: mwanamume, kiuno; mwanamke, kizunguzungu; mtoto, sikio. Alikuta mwanamume wa mwezi wa tatu, mkono, umri wa baba yake. Huenda alikuwa yeye, huenda si yeye. Akakaa kwenye mstari huo muda kidogo.

"Maswali yako," Mavis akasema. Alikuwa ameegemea mlango na kikombe mkononi.

"La kwanza. Hapa mnaandika mtu alipoitwa akakosekana. Hamwandiki alipoondoka."

"Tutajuaje? Haagi."

"La pili. Mageti ya maegesho ni ya nani?"

Mavis akakunja uso. "Ya hospitali. Kwa nini?"

Marloes akamweleza habari za mzee Cor, mkono, yuro nne na nyumba mbili. Mavis alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa maneno mengine, baba yako ni mbahili."

"Ndiyo. Lakini mimi nimezaliwa hapa, Bi Kartosen. Hayuko peke yake."

Hapo Mavis akacheka, kicheko kikubwa kisicholingana na mwili wake, kahawa ikamwagika kwenye kidole. "Miaka thelathini naishi na watu hawa," akasema, akijifuta. "Niliolewa na mmoja! Anazunguka mitaa mitatu kutafuta maegesho ya bure, tunafika harusini maharusi wameshakata keki." Akanyanyua simu ya mezani, akampigia mtu wa maegesho kule chini, akambembeleza, akamtania kuhusu kiatu fulani, na baada ya muda tarakimu za geti zikaja: magari tu, hakuna majina, yanaingia na kutoka.

Walizitazama pamoja, bega kwa bega. Magari hayakutoka kidogo kidogo kama maji ya bomba. Yalitoka kwa mafungu, na kila fungu lilitoka dakika chache kabla ya saa ya kulipia kuisha, kama watu waliosikia kengele.

"Mungu wangu," Mavis akasema.

"Ngoja," Marloes akasema. "Usifurahi bado. Hawa wanaweza kuwa waliokuja kuwaona wagonjwa. Wanaweza kuwa waliokwisha kutibiwa. Na waliokuja kwa basi hatuwaoni kabisa. Hii haituambii kwa nini mtu ameondoka. Inatuambia tu mahali pa kwenda kuuliza."

Mavis akavua miwani, ikaning'inia kwenye shanga zake.

"Juzi ulikuwa na uhakika wote, na ulikosea. Leo huna uhakika. Mimi nampenda huyu wa leo." Akavuta kiti. "Sina cha kukurembeshea. Ni miezi sita. Daraja la chini, maana utawala wanasema maua si afya, na mimi nimebishana nao mpaka nimechoka. Utafanya kazi na watu wa umri wa wanao, na watakusahihisha. Ukiweza, tutaongeza. Usipoweza, utarudi kwenye waridi ukiwa na hadithi."

*

Ijumaa asubuhi Marloes alikaa mezani na simu mbele yake kama mtu aliyewekewa sahani ya dawa. Wubbo hakuwa nyumbani. Alikuwa ametoka mapema bila kusema, na gari halikuwapo.

Aliporudi, alikuwa na matope kwenye viatu na uso wa mtu aliyetoka kuzika.

"Nimepeleka karavani letu kwa Sjoerd," akasema. "Ananunua. Bei si mbaya, itaziba pengo la mshahara."

Karavani lile, nyumba yao ya magurudumu! Kila mwaka mwezi wa saba waliliburuta hadi Ufaransa, na kila mwaka Wubbo alisimama mlangoni mwake na kaptura, akipunga kijiko kama mfalme. Alilipenda kuliko alivyopenda miguu yake, na miguu yake aliipenda sana.

"Wubbo, sijakuomba."

"Ndiyo, hukuniomba. Kila jioni nasimama kwenye maji na kumwambia mtoto, achia ukuta, achia ukuta, nipo hapa. Halafu narudi nyumbani nakwambia wewe ushikilie." Akavua viatu. "Mpigie Nico kabla sijabadili mawazo. Na mwezi wa saba tunalala kwenye hema. Wewe utalala upande wa mbu."

Akapiga. Nico akasema, "Haya, bibie," kwa sauti iliyopoa. Kumwambia baba yake kulikuwa kugumu zaidi. Mzee Cor alisikiliza, akasema "sawa" moja kavu, akakata. Jumanne iliyofuata hakuja kula. Wala ile iliyofuata. Fenna aliweka sahani yake mezani kila mara, na kila mara Wubbo aliirudisha kabatini bila neno.

Jumanne ya tatu, saa kumi na mbili kamili, kengele ikalia. Mzee aliingia, akajifunga leso, akachukua viazi.

"Nimekutana na Nico," akasema akitafuna. "Kaniuliza kwa nini umemkataa. Nimemwambia hospitali wametoa mshahara mkubwa kuliko wake."

"Baba, hawakutoa."

"Najua hawakutoa. Nico hana haja ya kujua." Akasukuma kibakuli. "Nipe mchuzi."

*

Wiki ya kwanza Mavis hakumpa kompyuta. Alimpa kiti kwenye chumba cha kusubiri.

"Kaa na watu," alimwambia. "Jedwali halikimbii."

Basi Marloes akakaa, na beji mpya iliyomkwaruza shingo. Yule kijana wa fedha alipita, akamwona, akauliza, "Mambo ya bustani vipi?" Marloes akamjibu, "Tunamwagilia." Lilimuuma kidogo, si sana.

Siku ya tatu alikuwa ameshaanza kukata tamaa na nadharia yake ya maegesho. Ilikuwa ya kweli nusu. Wenye magari waliitazama saa ya ukutani, hilo aliliona kwa macho yake, na wengine walitoka. Lakini msichana mmoja aliondoka kwa sababu simu yake ilizima. Baba mmoja aliondoka kwa sababu mwanawe aliacha kulia, naye akaona aibu kukaa na mtoto asiyelia. Kila mmoja aliondoka na lake, na hakuna jedwali lililokuwa na mahali pa kuyaandika.

Kando yake alikaa bibi mmoja aliyejitambulisha kuwa Bi Zandvliet, mwembamba, mkono umeshika ubavu. Alikuja kwa basi. Alikuwa amekaa muda mrefu, na sasa alianza kufanya kile ambacho Marloes alikuwa amejifunza kukitambua: alifunga kifungo cha juu cha koti.

"Unaondoka, bibi?"

"Ee, nadhani naondoka. Si kitu kikubwa. Kuna watu wanaoumwa kweli hapa."

"Unahema kwa shida."

"Nina mbwa," bibi akasema, kama anayekiri kosa. "Yuko peke yake tangu asubuhi. Ni mzee kama mimi, hajizuii tena. Akichafua zulia anajificha nyuma ya kochi anaona haya. Sipendi aone haya."

Marloes alitafuta neno la kitaalamu akakosa. Akamuuliza, "Nani ana ufunguo wako?"

"Jirani. Lakini simpigii mtu kwa ajili ya mbwa."

"Nipe namba. Nampigia mimi, kwa ajili yako."

Jirani alipokea mara ya kwanza, akasema, "Mbwa? Lakini bila shaka!", akasikika akitafuta funguo. Kisha Marloes akaenda kwenye dirisha la mapokezi, akauliza, akarudi.

"Wako wawili mbele yako, bibi. Wawili tu. Kisha ni wewe."

Bi Zandvliet alimtazama, akatazama mlango, akatazama vidole vyake kwenye kifungo. Akakifungua. Akakaa, mkoba magotini, mgongo umenyooka kama mtoto wa siku ya kwanza shuleni.

Wa kwanza akaitwa, akaenda. Wa pili akaitwa, akaenda. Muuguzi akatokea na karatasi yake, akasoma bila kuinua macho, kwa sauti ya mtu aliyezoea kutojibiwa.

"Bi Zandvliet?"

"Nipo," bibi akasema, akasimama. "Nipo hapa."